Wavu Mkavu Bado Unauma

Joto lilipoanza, nyumba ya Gumba ilikosa utulivu. Watu walikula huku wanajikuna. Walizungumza huku wanajikuna. Mgeni akikaa pale dakika kumi, naye huanza kujikuna kwa kuwaona tu.

Gumba ni fundi wa nyavu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na mtaa. Akishona, hukaa kwenye mkeka uani, akanyoosha mguu, akanasa jicho la wavu kwenye kidole gumba cha mguu. Wavu ukivutika vizuri, sindano yake ya mbao huingia na kutoka mbio mbio. Uzi ukitakiwa kukatwa, hatafuti kisu. Anaukata kwa meno.

"Mguu wangu ni koleo, meno yangu ni mkasi," hupenda kusema. "Fundi wa kweli hanunui vifaa. Amezaliwa navyo."

Pale uani hushona watu watatu. Yupo Gumba. Yupo mama yake, ambaye wote humwita Bibi. Na yupo mkewe, Mama Nukta. Nukta mwenyewe ana miaka minne. Alizaliwa mdogo sana, ndiyo maana akaitwa hivyo. Sasa ni nukta inayokimbia, inayopanda na inayouliza maswali kutwa nzima.

Nyavu huletwa na mkokoteni kutoka kwenye vyombo vya uvuvi. Gumba huzitundika kwenye uzio siku mbili, zikauke. Marehemu baba yake alimwachia kanuni: wavu ukikauka, kila kilichokuwamo kimekufa. Zikishakauka, Gumba huzirundika kivulini na kuzinyunyizia maji ya bomba, kwa sababu fundo likiwa bichi hukaza zaidi. Kisha kazi inaanza, mikono mitupu, miguu mitupu. Hivyo ndivyo walivyofanya miaka yote, na mtu akifanya jambo miaka yote huacha kulitazama.

Mwaka huo maji ya bahari yalikuwa na joto kuliko kawaida. Wavuvi walilalamika. Walikuwa wakivuta wavu wanakuta samaki wachache, na wingi wa kitu laini, kinachoteleza kama uji ulioganda. Kitu hicho kina nyuzi ndefu zinazoning'inia chini yake. Wengine hukiita konyeza, wengine yavuyavu. Wavuvi walikitupa baharini, lakini vipande vya zile nyuzi vilibaki kwenye macho ya wavu. Vilikauka, vikawa vyembamba na vyeupe kama gundi iliyokauka. Nani angevijali?

Ndipo mwasho ulipoanza.

"Ni sabuni," alisema Bibi, huku anajisugua kisigino kwenye kizingiti. "Tangu mke wako alete ile sabuni ya bei poa, sina raha na ngozi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliposema "nguoni" alimtazama mkwewe. Mama Nukta alilielewa jicho lile. Alinunua sabuni nyingine, akafua nguo zote upya. Mwasho haukuondoka.

"Basi ni kunguni," alisema Mama Nukta. Akatoa magodoro juani, akamwagia maji ya moto viungo vya vitanda. Hakuonekana kunguni hata mmoja, na usiku ule hakulala mtu.

"Mnahangaika bure," alisema Gumba. Kidole chake kilikuwa kimevimba na mdomo wake wa chini ulikuwa umechubuka. "Mikono ya fundi lazima iwashe. Ndiyo kazi."

"Na Nukta ni fundi?" aliuliza mkewe.

Kwenye miguu ya Nukta kulikuwa na mistari myekundu, kana kwamba mtu alimpiga kwa kijiti chembamba. Mstari mmoja ukipona, mwingine unatokea. Mtoto alikuwa anaamka analia, anajikuna mpaka anatoka damu.

Nyumba hiyo ilikuwa na mpangaji mmoja, nesi wa zahanati ya karibu na bandari. Alikuwa kwenye zamu za usiku. Mchana alilala, jioni akaondoka. Mara mbili Mama Nukta alisimama mbele ya mlango wake, akainua mkono kubisha, akaushusha. Aliona aibu kumwamsha mtu aliyechoka kwa ajili ya mwasho. Aibu hiyo, nawaambieni, imewaponza wengi.

Jumatano Mama Nukta alifika mwisho wa subira.

"Baba Nukta, nisikilize. Mwanangu analiwa na kitu ndani ya nyumba hii, na hakuna anayejua ni nini. Ijumaa nampeleka kwa mama yangu. Akipona kule, hatarudi hapa mpaka tujue."

"Na wewe?"

"Mtoto wa miaka minne hawezi kukaa bila mama yake."

Alichukua mfuko wa turubai, akatia nguo za mtoto, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Gumba aliutazama mfuko ule. Alirudi kwenye wavu wake na kuvuta nyuzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi nahodha mmoja alileta agizo. Wavu wake mkubwa ulitakiwa kabla ya jioni. Gumba aliushusha kwenye uzio, akaurundika kivulini, akaunyunyizia ndoo mbili za maji. Jua lilikuwa kali. Watu wazima waliingia ndani kula haraka haraka. Nukta alishiba mapema akatoka. Aliona ule mlima wa wavu, mbichi, wenye ubaridi. Alijilaza juu yake, akatia pembe ya wavu mdomoni, akaitafuna kama alivyomwona baba yake akitafuna nyuzi.

Ukelele wake uliwatoa wote mezani.

Mtoto alikuwa anajipindapinda juu ya wavu. Mgongo, mikono na shingo vilikuwa na mistari myekundu iliyovimba. Mama yake alimnyakua. Bibi alikuja na ndoo ya maji ya bomba, akammwagia yote, akashika dodoki na kuanza kumsugua mgongo kwa nguvu.

"Ni uchafu! Utoke! Utoke!" alisema Bibi.

Mtoto akapiga kelele mara mbili ya zile za kwanza.

"Mkojo!" jirani mmoja alipaza sauti kutoka nje ya uzio. "Mwekeeni mkojo! Ndiyo dawa!"

Safari hii Mama Nukta hakuona aibu. Aliupiga mlango wa nesi kwa ngumi zote mbili. Nesi alitoka na khanga, macho mekundu ya usingizi. Alimwona mtoto, akaona dodoki, akaona wavu. Usingizi ulimwisha hapo hapo.

"Bibi, acha kusugua! Acha maji hayo! Na wewe wa nje, mkojo wako peleka chooni!"

Kwanza alimtazama Nukta kifua na mdomo. Mtoto alikuwa anapumua, lakini mdomo wa juu ulikuwa umeanza kuvimba.

"Mama Nukta, tafuta gari sasa hivi. Mdomo umeguswa, hatungoji kuona. Gumba, chukua ndoo, kimbia ufukweni, niletee maji ya bahari. Ya bahari, umenisikia?"

Gumba alikimbia bila viatu. Ufukwe haukuwa mbali. Huku nyuma nesi alivaa glavu zake za kazini, akamvua mtoto gauni taratibu, akachukua kibano cha nyusi. Alianza kutoa vijiuzi vyeupe mgongoni, kimoja kimoja. Hakukwangua. Hakufuta. Bibi alisimama kando na dodoki lake mkononi, hajui alitupe au alishike.

Gumba alirudi anahema, nusu ya maji yamemwagika njiani. Nesi aliyamimina polepole juu ya mistari ile. Jirani anayeuza barafu alishaleta gari lake mlangoni. Mama na mtoto walipanda mbele pamoja na nesi. Gumba na Bibi walipanda nyuma, juu ya vipande vya barafu.

Njiani pumzi ya Nukta ilianza kutoa mlio mwembamba.

"Anapumua vibaya," alisema Mama Nukta. "Nesi, anapumua vibaya!"

"Nasikia. Mwache akae wima, usimlaze. Dereva, piga honi usiachie."

Hakuna safari ndefu kama ile ambayo unahesabu pumzi za mtoto wako. Mama Nukta alizihesabu zote. Kila moja iliyochelewa ilimkata maini.

Kwenye zahanati daktari hakupoteza muda. Alimchoma Nukta sindano pajani, akamwekea hewa. Baada ya dakika chache ule mlio ulipungua. Baada ya robo saa ukaisha. Mama Nukta aliketi sakafuni na kulia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.

Hali ilipotulia, nesi alileta beseni la maji ya moto. Aliyajaribu kwanza kwa kiwiko chake, kisha akamwambia Mama Nukta ayajaribu naye. Alilowanisha taulo, akaliweka juu ya mistari mgongoni. Likipoa, anaweka jingine.

Bibi alishindwa kuvumilia.

"Nesi, mwanangu, mimi sikuelewi. Nilipommwagia maji ulinifokea. Sasa wewe unamwekea maji."

"Umeuliza vizuri, Bibi. Kaa hapa." Nesi aliendelea kubadilisha taulo huku anaeleza. "Yule kiumbe wa baharini, konyeza, nyuzi zake zimejaa vifuko vidogo sana. Huwezi kuviona kwa macho. Kila kifuko kina mwiba uliokunjwa ndani, na sumu. Ukikigusa, mwiba unachomoka. Nukta alipolala pale, vingi vilichomoka. Lakini vingine vilikuwa bado juu ya ngozi, vizima. Maji ya bomba hayana chumvi, yanavishtua vichomoke. Dodoki nalo linavikandamiza."

Bibi alifunga macho. "Kwa hiyo nilimwongezea."

"Ulimwongezea. Hukujua."

"Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Bibi, hukujua. Sasa sikiliza. Maji ya bahari ndiyo vifuko hivyo vimeyazoea, hayavishtui. Ndiyo maana tulisafisha kwa hayo na kutoa nyuzi kwa kibano. Sasa nyuzi hazipo tena. Imebaki sumu ndani ya ngozi, na joto linaidhoofisha na kutuliza maumivu. Joto la kustahimilika, si la kuunguza. Dakika ishirini na zaidi."

"Na siki?" aliuliza Gumba. "Wavuvi wanasema siki."

"Kwa aina fulani inasaidia sana. Kwa nyingine inachochea. Waulize wahudumu wa afya wa mahali ulipo kabla hujaimwaga. Lakini mkojo, mchanga, pombe na kusugua, hayo usiulize mtu. Hapana."

Bibi bado alikuwa na lake moyoni. "Lakini wavu ule ulikaa juani siku mbili. Ulikuwa mkavu kabisa. Kiumbe kilichokufa siku mbili kinaumaje?"

"Bibi, nyumbani kwako una mtego wa panya?"

"Ninao."

"Ukiutega leo, halafu, Mungu apishe mbali, aliyeutega akafa kesho. Mtego utajua?"

Bibi alifikiri. "Hautajua. Utakaa umetegwa."

"Anayeugusa?"

"Unamfyatukia."

"Basi ndiyo hivyo. Konyeza amekufa, mitego yake bado imetegwa. Jua limeikausha tu. Gumba akiinyunyizia maji ya bomba, anaiamsha. Ndiyo maana hata ukimkuta konyeza amekufa mchangani, usimshike. Sabuni ya mkweo, niliyowasikia mkiilaumu, haina kosa lolote. Kunguni nao mmewasingizia."

Hapo Gumba alitazama kidole chake kilichovimba. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini sasa alisema moja tu.

"Mimi."

Mkewe alimtazama. Alikuwa amechoka mno hata kukasirika.

Jioni daktari aliwaruhusu, akawapa dawa na maelekezo. "Mtoto akivimba tena, akitapika, akilegea au pumzi ikibadilika, msingoje asubuhi. Rudini." Nukta alirudi nyumbani begani kwa baba yake. Mfuko wa turubai ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mlango. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Asubuhi Gumba aliamka kabla ya wote. Mkewe alimkuta uani na nesi. Nesi alikuwa ameshika kijiti, anaonyesha vitu kwenye wavu bila kuugusa. Hapa na pale paliganda vile vijiuzi vyeupe. Kisha kijiti kikasimama.

"Na hiki ni nini?"

Ulikuwa mwiba mrefu, wenye meno pembeni kama msumeno mdogo.

"Wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu," alisema Gumba. "Huvunjikia kwenye wavu. Mimi huuchomoa kwa mkono."

"Huo nao una sumu, hata taa mwenyewe akiwa hayupo. Akikuchoma taa au samaki-jiwe, osha jeraha, tia mguu kwenye maji ya moto ya kustahimilika saa moja au zaidi, kisha njoo zahanati. Huenda kipande kimebaki ndani, na utahitaji chanjo ya pepopunda. Na mwiba ukiingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Mbio hospitali nao humo humo."

"Sawa. Nifanye nini na kazi yangu?"

"Vaa glavu nene. Vaa mabuti. Kata uzi kwa kisu. Nyavu zioshwe na wavuvi kwenye maji ya bahari kabla hazijaletwa, na ukizilowanisha tumia ya bahari, si ya bomba. Na mtoto asikaribie rundo."

Gumba alijaribu glavu za mpira. Sindano ilimponyoka mara tatu. Alizivua, akazitupa chini.

"Haiwezekani! Ni kama kumla samaki umefumba macho. Vidole vyangu ndivyo vinavyoona!"

Mama Nukta hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akatoka na ule mfuko mkononi.

"Baba Nukta, gari la kwenda kwa mama linaondoka saa nne. Niambie sasa, vidole vyako vinaona nini?"

Gumba aliutazama mfuko. Akamtazama Nukta aliyelala mlangoni, mgongo umejaa mistari. Aliinama, akaokota glavu, akazipangusa vumbi.

"Vitajifunza," alisema. Mama Nukta aliurudisha mfuko kwenye msumari.

Havikujifunza siku ile. Wavu wa nahodha ulichelewa siku tatu, na nahodha alisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Gumba alikuwa anainuka na kukaa, anavaa glavu na kuzivua, anatukana uzi. Shida kubwa ilikuwa mguu. Ndani ya buti, kidole gumba hakinasi kitu. Fundi bila kidole chake alihangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Siku ya nne alichukua kipande cha gogo, akakipigilia ardhini mbele ya mkeka. Juu yake akachonga kigingi kifupi, kimeinuka kidogo, cha mviringo. Akatundika jicho la wavu pale. Akavuta. Wavu ukatulia. Sindano ikaingia, ikatoka.

Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu amejichongea kidole!"

"Hiki hakiwashi," alijibu Gumba, na kwa mara ya kwanza wiki ile naye alicheka.

Wiki tatu zikapita. Mistari kwenye miguu ya Nukta ilififia, na mipya haikutokea. Siku moja Bibi alirudi dukani na furushi dogo. Aliliweka mbele ya mkwewe bila kumtazama usoni. Ndani mlikuwa na miche miwili ya sabuni, ile ile ya bei poa.

"Inatoa povu vizuri," alisema Bibi. "Nilikusema vibaya, mama. Unisamehe."

"Yamekwisha, Mama," alijibu Mama Nukta. Alikuwa anajua Bibi amelibeba neno lile siku nyingi.

Mchana ule ule mkokoteni ulifika na wavu, yule nahodha akiwa nyuma yake. Bibi alisimama langoni na fimbo yake.

"Umeoshwa?"

"Umekauka kabisa, Bibi," alisema nahodha.

"Sikukuuliza kama umekauka. Umeoshwa kwa maji ya bahari?"

"Sasa Bibi, kilichomo si kimekufa?"

"Mtego haujui kama aliyeutega amekufa. Geuza mkokoteni."

Nahodha alimtazama Gumba amwokoe. Gumba alijifanya anatafuta kisu. Mkokoteni ukageuka, ukarudi ufukweni unalia magurudumu. Nusu saa baadaye ulirejea, wavu unadondosha maji ya chumvi.

Mama Nukta aliingia ndani, akafungua ule mfuko wa turubai. Ulikuwa bado kwenye msumari wake nyuma ya mlango, lakini ndani hamkuwa tena na nguo za mtoto. Alitoa glavu jozi tatu, akampa Bibi, akampa mumewe, akavaa za kwake. Kabla ya kukaa aligeuka kutazama mlangoni.

Nukta alikuwa amelala kwenye mkeka wake, mbali na wavu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia.